Kitone Chekundu kwenye Puli

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Jioni ile, kabla giza halijashika vizuri Cheptiret, Joyline alitaka tu kurekebisha taimingi ya pikapu ya mumewe, plagi zichome kwa wakati wake, ili asubuhi ipande kilima na mikebe ya maziwa bila kukohoa.

Hivyo ndivyo alivyomwambia Wilson. Moyoni alikuwa na jambo lingine.

Kwa miezi minne ya ndoa alikuwa amekula, amelala na hata amesali pamoja na mwanamke aliyezikwa miaka mitatu iliyopita. Jepkosgei, mke wa kwanza. Picha zake zilikuwa zimeondolewa ukutani, lakini pikapu ile kuukuu ilibaki uani, na Wilson hakuiita gari yangu. Aliiita gari ya Jep.

"Jep alikuwa anazungusha distributa pole pole, mimi niko ndani nimefunga macho," alimsimulia mara kumi na moja. Joyline alihesabu. "Ikifika mahali pake, naskia tu. Namwambia, hapo."

Na kila aliposema hapo, uso wake ulilainika kwa namna ambayo Joyline hakuwahi kuulainisha.

Basi akanunua taa ya taimingi mjini. Akasoma kitabu cha gari kutoka jalada hadi jalada, kalamu mkononi. Kwenye puli ya injini alikuta alama ya kupimia: kitone cha rangi ya kucha, nyekundu. Hakuhitaji kuuliza ni cha nani. Alichovya kitambaa kwenye petroli akakifuta, akasugua mpaka chuma kikang'aa, akaendelea kusugua. Kisha akatia chake, cheupe.

"Uko tayari, fundi wa Chepkoilel?" Wilson alimtania kutoka kwenye usukani. Boneti iliyoinuliwa ilimficha Joyline machoni pake. "Chuo walikufundisha hii kweli?"

"Walinifundisha kusoma digrii. Washa!"

Injini ikashika, ikitetemeka kama mwenye homa. Joyline alikuwa ameshabana waya wa taa kwenye plagi ya kwanza na kulegeza boliti ya distributa, kile kikombe kinachozigawia plagi moto. Taa hiyo humulika kila plagi hiyo inapochoma, ikizima na kuwaka haraka sana, hata kitu kinachozunguka kwa kasi huonekana kimesimama tuli. Ndiyo maana alisubiri jua lizame. Mchana isingeonekana vizuri.

Akabonyeza kitufe. Puli ikasimama.

Kitone kilikuwa chekundu.

Akapepesa macho. Harufu ikamfikia puani... si petroli, si oili. Tamu, kali. Rangi ya kucha mbichi.

Aliachilia kitufe. Kiza. Akabonyeza tena.

Mkono.

Mwembamba, umetulia, kucha nyekundu, umeshika distributa. Akiachilia kitufe, hakuna kitu. Akibonyeza, upo.

"Wilson..." Sauti yake ikamezwa na ngurumo.

"Eeh, zungusha basi! Pole pole."

Hakuwa ameigusa. Mkono wake wa kulia ulishika taa, wa kushoto ulishika spana. Lakini mbele ya macho yake distributa ikajigeuza, kiasi cha unene wa kucha... na mtetemo ukaisha. Ngurumo ikawa laini, sawasawa, kama pumzi ya mtu aliyelala vizuri.

"Hapo!" Wilson alipiga kelele. Aliruka nje, machozi yanamtiririka bila aibu. "Aki Joy! Haijawahi kulia hivi tangu... Ni wewe umeipata?"

Ule uso. Umelainika. Na ulikuwa unamtazama yeye.

Angeweza kusema ukweli. Ulikuwa umefika hadi ulimini.

"Ni mimi," akasema.

Nyuma ya sikio lake mtu akacheka. Kicheko kifupi, cha pumzi tu. Kama cha mtu aliyefunguliwa mlango.

Joyline alikaza boliti haraka. Wilson akazima injini, akarudi, akauchukua mkono wake wa kulia na kuuweka shavuni pake mwenyewe, na grisi yote. Hakuwahi kumfanyia hivyo. Akafunga macho.

"Hapo," akanong'ona. Kisha, taratibu, "Mkono wako umekuwa baridi, Jep."

Wilson mwenyewe hakusikia jina alilotaja.

Joyline aliangalia vidole vyake. Kucha zote tano zilikuwa nyekundu. Labda ni ile rangi aliyoifuta, alijiambia. Petroli huyeyusha, kitambaa huchafua. Lakini ile ilikuwa imekauka kwa miaka mitatu. Hii ilikuwa bado mbichi, na imepakwa kwa makini, bila kuvuka ukingo hata mahali pamoja.

Alijaribu kuuondoa mkono shavuni pa mumewe.

Ukaendelea kumpapasa.