Boti ya Aikande na Wino Usiotoka

Sogeeni, sogeeni karibu. Hadithi hii ina maji mengi. Anayeogopa kulowa akae nyuma.

Juu kule, kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro, kuna nyumba katikati ya migomba. Hapo ndipo anapokaa Aikande.

Aikande ana miaka sita. Meno mawili ya mbele yameng'oka. Lakini vidole anavyo vyote, tena ni hodari kwa kukunja karatasi.

Mpe karatasi, atakupa kofia. Mpe karatasi, atakupa ndege. Mpe karatasi kubwa, atakupa boti.

Nyuma ya nyumba yao unapita mfereji. Maji yake yanatoka mlimani, ya baridi na ya haraka. Chururu, chururu, shwaaa!

Kila Jumamosi jioni, watoto wote wa pale hushindanisha boti za karatasi kwenye mfereji huo. Boti hupita kwenye migomba. Boti hupita kwenye mibuni. Kisha boti huingia ndani ya bomba refu chini ya njia.

Ndani ya bomba kuna giza. Hakuna anayeziona boti humo.

Upande wa pili wa bomba husubiri Kaka Elinami, kijana mkubwa wa pale jirani. Yeye ndiye mwamuzi. Boti ikitoka ya kwanza, mwenye boti anaitwa Nahodha wa Mfereji wiki nzima!

Sasa sikilizeni kilichotokea Jumamosi moja.

Boti ya Aikande ilitoka ya kwanza. Aikande alijua ni yake. Mtu aliyekunja boti kwa vidole vyake hawezi kuisahau.

Lakini ua jekundu alilolichora ubavuni halikuwapo. Maji yalikuwa yamelifuta lote. Boti ilikuwa nyeupe pee.

"Hiyo ni yangu!" alisema Aikande.

"Hapana, hiyo ni yangu!" alisema Ndesario, mtoto wa nyumba ya pili. Maana alama yake nayo ilikuwa imefutika.

Kaka Elinami alizitazama boti zile mbili. Nyeupe pee, na nyeupe pee. Akakuna kichwa.

"Boti bila alama haina mwenyewe," alisema. "Leo hakuna nahodha."

Aikande alilia njia nzima mpaka nyumbani. Njia yenyewe ni fupi, lakini aliilia yote.

Jumamosi nyingine ikafika. Asubuhi mapema, Aikande akaketi mlangoni na beseni la maji. Pembeni aliweka vipande vya karatasi.

"Leo natafuta wino usiotoka," alisema.

Kwanza akachukua kalamu nene ya rangi nyekundu. Akachora jicho. Duara kubwa, na nukta katikati. Lilikuwa jicho zuri, nene, linaonekana hata kutoka jikoni.

Chovya, chu! Tikisa, ti-ti-ti!
"Wino, wino, watoka au wakaa?"

Wino ukatoka. Maji ya beseni yakawa mekundu.

"Kumbe ni wewe!" Aikande aliiambia kalamu. "Wewe ndiye uliyeniliza."

Akamwaga maji. Akaweka mengine.

Baba yake ni katibu wa chama cha wakulima wa kahawa. Ana muhuri, na ana kibati cha wino wa zambarau.

"Baba, naomba wino wa muhuri."

"Kidole kimoja tu, mama," alisema Baba. "Na usiguse shati langu."

Aikande akabonyeza kidole kwenye kibati. Akabonyeza kidole kwenye karatasi. Pa! Jicho la zambarau!

Chovya, chu! Tikisa, ti-ti-ti!
"Wino, wino, watoka au wakaa?"

Wino ukatoka. Jicho likatanuka, likatanuka, likawa wingu.

"Wingu silitaki," alisema Aikande. Akamwaga maji. Akaweka mengine.

Sasa akachukua peni, peni ya shule ya rangi ya bluu. Akachora jicho polepole.

Chovya, chu! Tikisa, ti-ti-ti!
"Wino, wino, watoka au wakaa?"

Wino ukakaa!

Aikande akaruka. "Umekaa! Umekaa!" Akaibandika karatasi ukutani. Akarudi nyuma kidogo. Akarudi tena mpaka kwenye banda la mbuzi.

Jicho halikuonekana hata kidogo. Mstari wake ulikuwa mwembamba kama unywele.

Basi akarudi, akalikoleza. Akakoleza tena. Akakoleza, akakoleza, akakoleza... cha! Karatasi ikatoboka.

Haya, niambieni. Boti yenye tundu itaelea wapi?

Aikande akaketi chini, akashika tama. Kalamu nene inaonekana, lakini inatoka. Peni haitoki, lakini haionekani.

"Nitaporwa tena ushindi wangu," alisema. Na machozi yakaanza kuja.

Mama alikuwa ameketi hapo karibu, akimenya ndizi mbichi za mtori, ile supu nzito ya ndizi. Menya, tupa. Menya, tupa.

Mara, to! Tone la utomvu wa ndizi likaruka. Likaangukia karatasi ya Aikande.

"Pole mwanangu, nimekuchafulia karatasi," alisema Mama. "Na utomvu wa ndizi hautoki."

Machozi ya Aikande yakasimama njiani.

"Hautoki?"

"Hautoki ng'o! Ona hii kanga yangu. Nimeifua kwa sabuni. Nimeifua kwa majivu. Nimeifua kwa hasira! Doa liko palepale."

Aikande akalitazama tone. Lilikuwa halina rangi, kama maji tu.

"Lakini Mama, halionekani."

"Subiri likauke. Mvumilivu hula mbivu."

Aikande akachungulia ndani ya sufuria ya ndizi. "Lakini Mama, hizi ni mbichi."

Mama akacheka mpaka akaweka kisu chini.

Aikande akasubiri. Akaimba. Akakuna goti. Akachungulia. Tone lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Chovya, chu! Tikisa, ti-ti-ti!
"Wino, wino, watoka au wakaa?"

Wino ukakaa.

Akatikisa kwa nguvu. Ti-ti-ti-ti-ti! Wino ukakaa tu.

"Mama, utakoza?"

"Wa kwenye kanga ulikoza, ila polepole," alisema Mama.

Sasa Aikande alipaswa kuchagua. Mstari wa peni, ingawa mwembamba, alikuwa anauona kwa macho yake. Utomvu ilibidi auamini.

Akatazama peni. Akatazama maganda ya ndizi. Akavuta pumzi.

"Nachagua utomvu," alisema.

Akakunja boti mpya, pua kali, tumbo pana. Akachukua kijiti. Akachovya kwenye utomvu. Akachora jicho kubwa ubavu huu, na jicho kubwa ubavu ule.

Boti ilikuwa nyeupe pee. Ungedhani hajachora kitu. Aikande akaianika juani, akaketi kuilinda dhidi ya kuku.

Jioni ikafika. Watoto wakajaa kando ya mfereji, kila mtu na boti yake. Kaka Elinami akapita kukagua alama.

Boti ya Ndesario ilikuwa na nyota ya kijani, kubwa na nene. Ilimetameta.

Watoto wakaitazama boti ya Aikande. "Mbona haina kitu?" wakasema. "Haina kitu! Haina kitu!"

"Ina jicho," alisema Aikande. "Limelala tu."

Weee! Wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Kaka Elinami akaisogeza boti karibu na pua yake. Akafumba jicho moja. "Ngojeni. Naona kitu kwa mbali, kama chai ya rangi. Haya, iwekeni majini."

Kisha akaenda zake upande wa pili wa bomba.

Aikande akaiweka boti yake majini. Je, jicho litaamka? Na lisipoamka, nani atamwamini?

"Moja... mbili... tatu!" watoto walihesabu.

Chururu, chururu, shwaaa! Boti zikaenda.

Boti ya Ndesario ikatangulia. Boti ya Aikande ikafuata nyuma yake. Watoto wakakimbia kando ya mfereji, miguu tifu-tifu-tifu!

Zikapita kwenye migomba. Zikaingia kwenye mibuni. Na hapo, lo! Boti ya Aikande ikanasa kwenye jani.

Kuigusa hakuruhusiwi. Kupuliza kunaruhusiwa.

Aikande akalala kifudifudi kwenye majani. Akajaza mashavu. Fuuu! Boti ikatikisika. Fuuu! Boti ikageuka. FUUUU! Boti ikachomoka.

"Twende!" alipiga kelele Aikande. "Twende, twende, twende!"

Ikaikaribia boti ya Ndesario. Ikawa ubavuni kwake. Pua kwa pua, zote mbili zikaingia gizani.

Watoto wakakimbilia upande wa pili. Wakasimama. Wakainama kuchungulia bomba.

Chururu... chururu... chururu...

Pua nyeupe ikachomoza. Boti moja! Boti moja peke yake!

"Yangu!" alisema Ndesario.

Aikande aliikazia macho.

Maji yakaizungusha boti polepole. Ubavu wake ukageukia watu.

Na kwenye ubavu ule, jicho! Jicho kubwa, limefumbuka wazi! Limekoza kama kahawa isiyo na maziwa, na linawatazama wote.

"Limeamka!" alipiga kelele Aikande. "Jicho langu limeamka!"

Kaka Elinami akaiinua boti juu, maji yakimchuruzika mpaka kwapani. Alijua, lakini akauliza kwa makusudi. "Boti hii ni ya nani?"

"YA AIKANDE!"

"Sijasikia!"

"YA AIKANDEEE!"

Nyuma yake ikatoka boti ya Ndesario. Nyota ilikuwa imekwisha. Limebaki doa la kijani tu.

Ndesario akaiokota. Akaitazama. Akatazama boti yenye jicho.

"Aikande," alisema taratibu, "ile ya wiki iliyopita nayo ilikuwa yako, eti?"

"Ilikuwa yangu."

"Basi wewe ni nahodha mara mbili."

Aikande alijisikia mrefu kama mgomba. Hakuna neno tamu alilowahi kusikia kama lile.

Wakambeba juujuu. Mtu akaokota debe. Ko-ko-ko! Ko-ko-ko!

"Nahodha! Nahodha!
Nahodha wa Mfereji!"

Wakampitisha kwenye mibuni. Wakampitisha kwenye migomba. Mbuzi wa Baba wakatoa vichwa bandani kuona kuna nini.

"Umechora kwa wino gani?" aliuliza Ndesario.

"Twendeni nyumbani," alisema Aikande. "Nitawaonyesha."

Mama akashangaa. Mlango mzima ulikuwa umejaa watoto.

"Shikamoo, Mama Aikande!" walisema kwa pamoja. "Tumekuja kumenya ndizi."

"Marahaba, wanangu. Kumenya nini?"

"Ndizi!"

Mama hakuuliza mara mbili. Siku hiyo mtori ulikuwa mwingi, na kila mtoto alishiba. Na kila mtoto alirudi kwao na boti nyeupe iliyochorwa kitu kisichoonekana bado.

Usiku ukaingia. Mama akatia mikono ya Aikande kwenye maji ya moto kidogo. Vidole vyote vilikuwa vyeusi.

Akasugua kwa sabuni. Akasugua kwa limao. Akasugua kwa mafuta. Weusi ukakaa palepale.

"Hautoki, Mama?"

"Hautoki. Kesho utaingia nao kanisani hivyohivyo," alisema Mama. "Na kila atakayekusalimu atajua ameshika mkono wa nani."

Aikande akapanda kitandani. Mama akamfunika blanketi mpaka kidevuni.

Lakini Aikande akaitoa mikono yake nje. Akailaza juu ya blanketi, vidole vyote kumi, vionekane vizuri.

Kisha nahodha akalala.