Damu Ilituonya, Shemeji Akachinja Mbuzi

Nina miaka thelathini na sita, mama wa mtoto mmoja, Mwende, na kazi yangu ni kushona kola za mashati katika kiwanda kimoja huko EPZ, Athi River. Wanaonijua watawaambia nina mdomo mkali. Basi mjue pia kwamba siku mdomo huo ulipohitajika kuliko siku zote, haukuhesabiwa kitu.

Mutiso na mimi tulianza kuishi pamoja bila sherehe, kama wengi wenu mnaosoma hapa. Kwetu Ukambani, mwanamke si mke mpaka mbuzi wa ntheo wafike kwa wazazi wake. Mbuzi wangu walikuwa wametengwa kwa mama mkwe, Mitaboni, tukingoja Desemba. Lakini kila Desemba ilikuja na sababu yake ya kuahirisha… Nami nilicheka tu. Mbuzi wa nini, na mume ninaye?

Jumamosi moja Mutiso alikuwa akirekebisha banda la kuku. Ghafla akashika kisogo akaniambia kichwa kimepasuka. Hakusema kinauma, alisema kimepasuka. Akatapika, akaanguka.

Hospitalini picha ilionyesha damu imemwagika kuzunguka ubongo. Walifanikiwa kuuziba mshipa uliopasuka, na siku alipofungua macho aliniuliza kama kuku wamekula. Nililia kwa furaha mpaka muuguzi akaniletea kiti.

Daktari, mama mmoja mpole, ndiye aliyenifungua macho. Alinieleza kwamba hatari ya kwanza imepita, lakini iko ya pili, ambayo huja kimyakimya katika wiki mbili za mwanzo. Mishipa ya ubongo inaweza kujibana, na sehemu ya ubongo ikakosa damu. Ndiyo maana walikuwa wakimpima damu kila mara, wakitafuta dalili za kuwaonya mapema.

"Chembe nyeupe za damu zinapanda badala ya kushuka," aliniambia. "Si lazima kwamba itatokea. Lakini huyu tusimwondolee macho."

Asubuhi iliyofuata akaja Kioko, kaka mkubwa wa Mutiso. Alimkuta muuguzi na sindano mkononi, akawaka.

"Huyu mtu ametoka damu kwa kichwa, na bado mnamtoa ingine? Anaongea, anakula. Mwaitu, mama yetu, anataka mtoto wake nyumbani aombewe."

Daktari alimweleza yote, akamsihi. Mutiso mwenyewe alikuwa anasinzia siku hiyo, akiitikia kila alichoambiwa na yeyote. Hilo nalo lilinitia hofu. Nikasema mume wangu haendi popote.

Kioko akanigeukia mbele ya watu wote. "Wewe unaongea kama nani? Ntheo yako ilipelekwa lini?"

Nilihisi nimevuliwa nguo. Kioko akatia sahihi fomu ya kumtoa hospitalini, akamshika ndugu yake mkono, wakaondoka. Nikawafuata nyuma kama mgeni.

Mitaboni tulikuta hema, kwaya na sufuria zinachemka. Nilipopita zizini nilimtafuta beberu wangu mwenye doa jeupe, yule mkubwa wa ntheo. Hakuwepo; Kioko alikuwa ameagiza achinjwe. Mama mkwe akasema nisijali, watanunua mwingine, kwani mtoto aliyetoka kaburini hakaribishwi kwa kuku. Jamani! Mbuzi wa kunifanya mke alikuwa ndani ya sufuria, akisherehekea kosa ambalo ningelizuia kama ningekuwa mke!

Mutiso akapewa sahani. Akaokota kipande cha nyama, kikamponyoka. Akakiokota tena, kikaanguka tena. Watu wakacheka kwa upole, wakisema bado ni mnyonge. Mimi nilimtazama usoni… Mdomo ulikuwa umeenda upande.

Nilipiga ukwenzi. Kwaya ikaongeza sauti, wakidhani nimeguswa na maombi.

Tulimrudisha hospitalini kwa gari la Kioko. Daktari yule hakutulaumu hata kwa neno moja, na hilo liliniuma zaidi. Mishipa ilikuwa imejibana, kama alivyohofia.

Mutiso yu hai. Mkono wa kulia haufanyi kazi, na maneno hayajarudi. Aliporuhusiwa kutoka, familia ilikaa kikao kuamua nani atamtunza. Kioko alitazama chini, akasema, "Mama Mwende, huyu ni bwana yako. Mgonjwa hukaa na bibi yake."

Hakuna mbuzi aliyekuwa amevuka mto kwenda kwetu. Siku hiyo hakuna aliyeuliza.

Dada zangu, msikae kwa mtu mkitegemea mapenzi peke yake. Kamilisheni mila za nyumbani mkiwa wazima, ili siku ya shida neno lenu liwe na uzito. Nanyi mashemeji, daktari akiwaambia damu inaonya, tafadhali msimtazame mgonjwa anavyokula mkadhani mmejua zaidi.

Jioni ninapomlisha, Mutiso hunikazia macho na midomo yake huhangaika kutafuta jina langu. Namwambia asijisumbue, mimi ni mkewe. Yeye huitikia kwa kichwa, kisha analia.