Uzio Mbele ya Madhabahu

Ndugu zangu, na hasa ninyi mnaokalia viti vya mbele kanisani, nisikilizeni. Haya yalitokea katika nyumba ya seremala mmoja, mtu mwema, mchapakazi, asiyejua pombe wala matusi. Tusidhani kwamba nyumba hubomolewa na waovu peke yao.

Kila asubuhi seremala alikunywa chai yake huku akimsikia mkewe chumba cha pili akimhudumia mama mkwe, yaani mama mzazi wa seremala. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na watu walimwita Mama Kanzu kwa kuwa ndiye aliyeshona mavazi yote ya kwaya. Bibi huyo alikuwa amepooza upande mmoja mwaka wa pili sasa. Mama Kanzu alimwogesha, akamgeuza asipate vidonda, akamlisha uji kijiko kwa kijiko, kisha akamwombea. Seremala alitoka kwenda kazini moyo ukiwa mweupe.

Kanisani kwao mchungaji alifika mara moja kwa mwezi, maana alikuwa na makanisa matano. Jumapili nyingine ibada iliongozwa na Mama Kanzu. Enzi zile bati linavuja na waumini hawazidi kumi na watano, hakuna mwanaume aliyeuliza kwa nini. Lakini kanisa lilipoezekwa upya na viti vikajaa, basi, kila mwenye ndevu akakumbuka kwamba kuna taratibu.

Siku moja fundi wa rangi mmoja alimtania seremala pale karakanani: "Fundi, nyumbani kwenu nani mchungaji, nani kondoo?" Watu wakaangua kicheko. Seremala alicheka pia, ila maneno yale yalimkaa rohoni kama kibanzi kwenye kidole.

Wiki ile ile baraza la wazee lilikaa, na seremala alikuwa mjumbe. Hoja ilikuwa moja: Mama Kanzu afanywe mzee wa kanisa, aongoze ibada kwa ruhusa kamili.

"Mtume alisema wanawake wanyamaze," alisema katibu.

"Na habari ya kaburi tupu ililetwa na nani?" aliuliza mzee muuza mbegu. "Huyu mama amelibeba kanisa miaka mitatu. Shukrani ya punda ni mateke, lakini sisi si punda jamani!"

Kura zikawa nne kwa nne. Akabaki seremala. Wote wakamgeukia, naye akasikia tena kile kicheko cha karakanani.

"Kila mtu na mahali pake," akasema. Na kana kwamba hiyo haitoshi, akaongeza jambo ambalo hakuna aliyemwomba: "Nitatengeneza uzio mbele ya madhabahu, ili wanawake wajue mwisho wao ni wapi."

Akautengeneza kweli. Akaupiga msasa, akaupaka vanishi, ukang'aa.

"Baba watoto," mkewe alimuuliza, "walikulazimisha?"

"Baraza liliamua."

"Nimeuliza kama walikulazimisha."

Seremala akatafuta viatu vyake, ambavyo alikuwa amevivaa.

Habari zilimfikia bibi kitandani. Akamwita mwanawe, akasema kwa ulimi wake mzito, "Siku yangu ikifika, mkwe wangu ndiye aniombee. Mle kanisani, mbele ya watu wote. Yeye ananijua."

"Sawa, mama."

"Sema tena."

"Sawa, mama. Nimekuahidi."

Ahadi ni deni, ndugu yangu, na aliyepooza hawezi kukufuata kukudai. Seremala aliahidi kwa wepesi akidhani siku yenyewe iko mbali. Mwezi haukwisha, bibi akafariki.

Mchungaji alikuwa safarini, simu haipatikani. Ibada ya mazishi ikaangukia kwa katibu, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga chumba cha mgonjwa. Seremala akamfuata pembeni. "Mama aliniachia neno. Alitaka mke wangu ndiye amwombee."

Katibu akamtazama. "Fundi, si wewe uliyeweka uzio? Leo unataka kuwa wa kwanza kuuvunja?"

Ilitosha kusema "ndiyo." Neno moja tu! Seremala akainamisha kichwa, aibu ikamshinda.

Jeneza likaingizwa ndani ya uzio. Mama Kanzu, aliyemfumba bibi macho kwa mikono yake, akabaki nje, safu ya tatu. Katibu akasoma kwenye karatasi: "Marehemu aliugua siku nyingi, hivyo hakuacha kazi kubwa ya kutajwa." Watu wakanong'ona. Bibi yule ndiye aliyewafundisha nusu yao kusoma, kwenye veranda ya kanisa hilo hilo.

Nyuma ya seremala, mama muuza mboga alisema kwa sauti isiyo ndogo, "Kumbe mwanamke anaruhusiwa kuvuka akishakufa."

Seremala aligeuka kumtazama mkewe. Midomo ya mama huyo ilikuwa inatikisika bila sauti, akimwombea bibi. Hapo ndipo alipolia, na watu wakadhani anamlilia mama peke yake.

Tangu siku hiyo Mama Kanzu hakurudi kanisani. Wagonjwa wakakosa wa kuwatembelea, ibada zikapooza. Mwezi uliofuata seremala alisimama barazani, akasema, "Nilikosea. Niliogopa kuchekwa." Wote wakakubali kubadili uamuzi, hata katibu. Seremala akaung'oa uzio kwa mikono yake, akaenda nyumbani mbio akihema.

"Mke wangu, wamekubali! Jumapili utaongoza. Utaomba mbele ya watu wote."

Mama Kanzu alisimamisha cherehani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha mumewe.

"Aliyetaka nimwombee," alisema, "tulishamzika."

Akaendelea kushona.

FUNZO

Ndugu zangu, mnaweza kubishana juu ya Maandiko mpaka kesho, na wenye elimu wabishane. Lakini jiulizeni kwanza: ni imani inayomzuia dada yako, au ni kiburi chako kilichovaa joho la imani? Usimtumie mwanamke wakati wa shida, kisha umwekee mpaka mambo yakinyooka. Na wewe mume, kicheko cha karakanani hudumu siku moja, ila jeraha la mkeo utalala nalo chumba kimoja. Baraza linaweza kurudisha ruhusa. Moyo uliovunjika hauna baraza.