Hereni za Kwenye Barafu

"Thelathini na moja katoka bila kuaga."

Sauti ya Mkuu ilikuwa kavu, ndani ya kidude kidogo kilichofichwa sikioni. Sindano aliweka fagio ukutani.

Thelathini na moja ni namba ya galiamu kwenye jedwali la elementi. Mama wa maabara alikuwa ameisafisha kwa miaka kumi na moja, hadi hakuna aliyekuwa na galiamu safi kama yake. Sasa kabati lilikuwa tupu, na ufunguo alikuwa nao yeye peke yake.

"Mama amekamatwa. Mzigo ukipanda ndege ya saa nane mchana, ndiyo basi tena kwake."

Miezi saba Sindano alijifanya mfagiaji pale. Miezi saba, mtu mmoja tu alimuuliza kama amekula.

Mama huyohuyo. Siku moja alimwonyesha kipande cha galiamu, cheupe kama fedha. "Usikishike, binti yangu. Hiki kikikumbatiwa kinalia. Ndiyo maana nakilaza kwenye baridi."

Toyota ilimshusha uwanja wa ndege saa saba na nusu. Beretta ilikuwa kiunoni. Mabegi yalikuwa mamia.

Watu walikumbatiana, wakafutana machozi. Hakuna aliyemtazama.

Kwenye meza ya ukaguzi, mwanamume mwenye suti alifungua kisanduku cha barafu.

"Hereni tu, afande. Za fedha. Biashara ya mke wangu."

"Mbona kwenye barafu? Zitaoza?"

Foleni nzima ilicheka.

"Joto linaharibu rangi."

Karatasi zilikuwa sawa. Afisa akainua muhuri.

"Bastola usitoe," Mkuu alinong'ona. "Ukikosea, hatukujui."

Sindano akapenya.

"Jamani, nzuri hizo! Kaka, niuzie jozi."

"Haziuzwi hapa, dada."

"Basi nishike tu. Mwenzio sina hata wa kuninunulia."

Akachukua moja. Akafumba ngumi.

Baridi kali.

"Rudisha."

"Ngoja kidogo. Wifi anapenda ndogo au kubwa?"

"Nimesema rudisha!"

Mwanamume alimkamata kifundo cha mkono, akakisokota. Mwaka mzima hakuna aliyemshika Sindano mkono. Leo amepatikana, naye anataka kuuvunja.

Hakufumbua.

"Dada, mpe mwenyewe mali yake," afisa alisema, sasa bila kucheka.

"Haya, afande. Nampa."

Akafumbua vidole.

Tone la kwanza lilianguka mezani, liking'aa. La pili. La tatu.

"Fedha gani hii inayoyeyuka mkononi?"

Mwanamume alikurupuka. Hatua mbili tu. Mguu wa Sindano ulimkata ngwala, akabusu sakafu. Pingu zikalia.

Saa moja baadaye Sindano alikuwa nje, peke yake juani. Nokia ikaita.

"Yule wa suti amemtaja aliyemchongea ufunguo wa bandia. Mama ameachiwa."

"Vizuri."

"Kesho una kituo kipya na jina jipya. Maabara usirudi."

"Nimeelewa, Mkuu."

"Kitu kimoja. Mama anauliza yule binti wa usafi yuko wapi. Tumwambie nini?"

Sindano alitazama kiganja chake. Kilikuwa na doa la kijivu.

"Mwambieni nimeolewa."

"Na nani?"

"Na mtu mwema. Mbali."

Akazima simu, akavaa miwani ya jua, akavuka barabara bila kugeuka.