Motokari Nyekundu ya Viti Viwili

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mzaliwa wa Kabuta, kando ya Ziwa Mweru. Nina watoto wawili. Mume ninaye, yu hai, lakini hatulali tena chini ya paa moja... Nitawaeleza sababu.

Mume wangu watu humwita Bashi Mwape, yaani baba wa Mwape, kwa jina la binti yetu wa kwanza, nami huniita Bana Mwape, mama wa Mwape. Ni mtu wa ng'ambo, amekulia Kasenga upande wa Kongo, ndiyo maana nyumbani kwetu Kiswahili cha sokoni kilizoeleka kama Kibemba. Alikuja sokoni Kashikishi kununua samaki wakavu, akanikuta mimi ninawauza. Wakati huo alikuwa na baiskeli tu. Mama yangu, mjane mwenye mtumbwi na nyavu nzuri, ndiye aliyemwinua. Alimpa samaki wake awapeleke bara, safari kwa safari, mpaka baiskeli ikazaa lori.

Lori lenyewe lilikuwa kuukuu na linanuka samaki, lakini lilikuwa letu! Lilibeba mizigo, lilibeba wagonjwa, lilibeba maharusi. Nani pale Kabuta hajawahi kupanda nyuma ya lori letu?

Hapa lazima niwaeleze desturi yetu. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Hawasemezani, hawakai karibu, na wakikutana njiani mwanamume anaiacha njia na kuingia majanini. Si chuki, ni heshima. Heshima hiyo hulegezwa siku ya ukuingishya. Siku hiyo mama mkwe hupika vyakula vya kila namna na mkwe huingizwa rasmi nyumbani mwake. Tangu hapo anakuwa mtoto wa nyumba, anaweza kumtazama mama, kumsalimu, hata kumhudumia akiugua.

Mama alifuga kuku kwa ajili ya siku hiyo. Akachagua Jumamosi. Shangazi zangu wakaja kutoka Chienge, vyungu vikapangwa uani, mikeka mipya ikatandikwa. Tukangoja... Jua likapinda, chakula kikapoa, na Bashi Mwape hakutokea! Mama alifunika vyungu mwenyewe, na mimi sikujua niuweke wapi uso wangu.

Alitokea Jumatatu, akiwa ndani ya motokari. Ilikuwa motokari ya mbio, ndogo, nyekundu, isiyo na paa. Mgiriki mmoja mnunuzi wa samaki kule Kasenga alikuwa anarudi kwao, naye ndiye aliyemwachia. Ilikuwa na viti viwili tu vya ngozi, vimezama chini kama mabeseni, na usukani wake ulikuwa kushoto kama magari yote ya Kongo. Nikauliza lori letu liko wapi. Akasema liko kwa fundi. Uongo mtupu! Alikuwa amelitoa badala ya ile motokari, na mimi mkewe nilikuja kuyasikia sokoni, kwa wanawake waliokuwa wakinicheka.

Nilimwuliza kwa nini. Mtu mwenye watoto, mwenye biashara ya samaki, anataka nini na gari lisiloweza kubeba hata kapu moja? Alikuwa anaifuta vumbi kwa shati lake la kanisani. Akanijibu taratibu, kwa Kiswahili cha kwao ambacho lori huitwa kamio:

"Bana Mwape, mu kamio batu banaonaka samaki tu. Mu hii, banaona miye."

Nilimwelewa. Alikuwa amenuka samaki tangu utoto, ameitwa boi na kila Mzungu aliyekutana naye kwenye pantoni. Alitaka watu wageuke wamtazame yeye, basi. Na nisiwadanganye, wasomaji. Jumapili ya kwanza nilipoketi kando yake kwenda kanisani, kitambaa changu kikipepea, nami nilijiona malkia.

Mama hakulalamika. Alisema kuku watazaa wengine, tutapika tena baridi ikipungua.

Baridi ilikuwa haijapungua tumbo lilipomshika. Lilianza asubuhi kama mchezo. Kufika adhuhuri lilikuwa limevimba na kuwa gumu, hata maji aliyokunywa yalirudi. Hospitali ya misheni iko mbali, kusini. Ziwani upepo ulikuwa umechafuka, hakuna mvuvi aliyethubutu kusukuma mtumbwi. Malori ya samaki yalikuwa yameondoka jana yake. Kukaa kwenye baiskeli hakuweza. Kilichobaki ni ile motokari nyekundu.

Viti viwili! Nilijipenyeza kwenye kiti ili nimpakate, lakini tumbo lake lilibanwa akapiga ukelele, ikabidi nitoke. Kuendesha sijui. Laiti lingekuwa lori tungemtandikia mkeka nyuma, kichwa chake kikalala mapajani mwangu... Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mume wangu alikuwa amenunua gari lisilo na nafasi ya mtoto wa mgonjwa.

Mjomba wangu aliamua la kufanya. Mama afunikwe chitenge toka kichwani hadi miguuni, ageuzwe kuelekea mlango wake. Mkwe naye aelekeze uso kushoto, asimtazame, asimsemeshe. Bashi Mwape alikataa kwanza. Alisema anaona aibu, afadhali mwingine aendeshe. Lakini nani mwingine Kabuta aliyejua kuendesha kitu kile? Akaingia, akageuza shingo, wakaondoka.

Mimi nilifuata nimepakiwa kwenye baiskeli ya binamu yangu. Njiani, kwenye kijito kimoja, tulikuta wanawake wakifua. Walituambia kwa furaha kwamba motokari nzuri imepita ikilia honi mfululizo. Watoto waliikimbilia wakishangilia, wakidhani ni arusi. Nilidhani alikuwa anafukuza mbuzi barabarani. Nikamshukuru Mungu kwamba anakwenda mbio.

Tulipofika misheni jua lilikuwa limeshuka. Motokari ilikuwa mlangoni na mume wangu amesimama akiutazama ukuta. Muuguzi alinishika mkono. Alisema walipofunua chitenge mama alikuwa ameshapoa, amekata roho mbali sana huko nyuma. Mume wangu alikuwa ameendesha kando ya maiti, asijue! Angejuaje, wakati hakuruhusiwa hata kugeuza jicho?

Mazishini wazee walimsifu. Walisema huyo ndiye mkwe mwenye adabu, hakugeuka hata mara moja. Kila waliposema hivyo alizidi kuinama.

Tangu siku ile hakuwa mtu wa kawaida. Hakula vizuri, hakwenda Kashikishi. Mchana kutwa aliketi ndani ya motokari iliyosimama uani, mikono kwenye usukani, shingo imegeukia kushoto. Nikimwita haitiki. Watu wakaanza kupita mbali na nyumba yetu.

Adhuhuri moja nilichoka. Nilikwenda nikafungua mlango wa pili, nikaketi pale alipoketi mama. Hakugeuka. Alisema, uso wake ukiwa kule kule:

"Alikuulizia, Bana Mwape."

Akanieleza yote. Walipovuka kijito, chitenge kilitikisika. Mama, kwa ukali wa maumivu, alidhani mimi ndiye niliyekaa kando yake. Akaniita kwa jina langu la utotoni, akauliza kama nipo. Bashi Mwape akanyamaza. Mama akauliza tena, kwa woga sasa, kama mtu aliyeachwa peke yake gizani.

"Miye ningejibu namna gani? Ni mama mukwe wangu. Nilipiga tu honi, ajue kama mutu iko."

Kila alipoita, alimjibu kwa honi. Aliita, honi ikalia. Aliita, honi ikalia... mpaka akaacha kuita. Akafikiri amelala.

Sikulia wala sikumtukana. Nilishuka, nikachukua watoto wangu, nikarudi kwenye nyumba ya mama, na ndimo ninamoishi hadi leo. Siilaumu desturi yetu. Angekuja siku ile ya Jumamosi, angekula chakula kile, angekuwa na kinywa cha kusema: mama, binti yako yuko nyuma, anakuja. Maneno machache tu! Aliyaacha Kasenga kwa Mgiriki.

Ndugu zangu, wanaume kwa wanawake, gari la ndoto yako si dhambi. Sote tunapenda kutazamwa. Lakini nawaomba kwa machozi, kabla hujalileta nyumbani hesabu viti vyake, ujiulize ni nani atakayeachwa barabarani. Na mtu akikupikia, nenda ukale siku hiyo hiyo.

Juzi lori moja la samaki lilipita Kabuta likipiga honi. Nilikuwa natwanga mihogo na majirani. Mchi ulinianguka, nikasimama mbele ya watu wote, nikaitika kwa sauti:

"Nipo, mama. Nipo hapa."