Kete ya Fancy

Kila asubuhi ya likizo, Chepngetich na mama yake walichuma majani chai shambani kwao Merigi kabla jua halijawa kali. Siku hiyo mama alichuma peke yake. Chepngetich alikuwa amechuchumaa nyuma ya meza, simu mkononi, magoti yakimuuma.

Dada yake Fancy, mwanafunzi wa hesabu chuoni, alikuwa akihojiwa kwa kompyuta. Alitaka atachi, nafasi ya kujifunza kazi, katika benki ya uwekezaji jijini Nairobi, ambako vijana hukokotoa faida na hasara kabla pesa hazijawekwa popote. Hofu ilikuwa imemshika, akamwomba mwenzake wa chuo, Nyagaka, asikilize kupitia simu na amtumie majibu. Kazi ya Chepngetich ilikuwa kuinua simu ili dada asome.

"Unarusha kete ya pande sita," alisema Bi. Mongina wa benki. "Usipopenda namba uliyopata, unaweza kurudia mara moja tu. Kwa wastani, utarajie ngapi?"

Simu ikawaka. "Nne na robo," Fancy akasoma.

"Vizuri. Umefikaje hapo?"

Fancy akaikodolea simu macho. Mtandao wa simu ulikuwa umepotea. Chepngetich alitamani kupiga kelele. Jumapili tu, kwa kete ya ludo, Fancy alikuwa amemfundisha hesabu hiyo hiyo: ukipata nne au zaidi, baki nayo, ukipata chini ya hapo, rusha tena. Dada alijua! Lakini woga ulikuwa umemfunga mdomo.

"Geuza kompyuta nione chumba," Bi. Mongina akasema.

Fancy akageuza. Chepngetich akaonekana, simu juu.

"Pole, Fancy. Tumemaliza."

"Lakini madam, hiyo naijua! Wacha nikueleze!"

"Sasa nitaaminije?" Kioo cha kompyuta kikazima.

Fancy aliandika kuomba msamaha. Kesho yake akajibiwa kwamba msamaha umepokelewa, ila nafasi amepewa mwingine. Alilia mchana kutwa, na Chepngetich akalia naye.

Jioni mama aliwaita shambani. "Chepngetich, unakumbuka ulivyoficha majani magumu, yasiyotakiwa kiwandani, ndani kabisa ya gunia?"

"Ndiyo, Mama. Karani wa kituo cha chai alitia mkono mpaka chini, akayapata."

"Akakataa gunia lote. Hata yale mazuri, tuliyochuma na mvua ikitunyeshea, tulirudi nayo nyumbani." Akamgeukia Fancy. Hakuwa na hasira, ila uchungu. "Wewe ulikuwa na majani mazuri, mtoto wangu. Ukidanganya kidogo, hata ukweli wako unakataliwa."

Fancy alichukua kikapu, akaanza kuchuma.