Namba Iliyomuumbua Dorika

Jumatatu asubuhi, kama kawaida ya Newala, wanafunzi wa darasa la saba waliingia shuleni na madumu ya maji kichwani, wakayapanga ukutani, wakakimbilia madawati. Leo kila mtu alikuwa na haraka. Mwalimu Yoeli alikuwa amewapa namba moja ya kufikiria: 30,031. Je, ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe? Atakayejibu sawasawa ndiye atakayekwenda Masasi kwenye mashindano ya hisabati.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba. Haya, nani analo jibu?"

Dorika aliruka kama aliyekalia siafu. "Ni tasa, Mwalimu! Kila ukigawanya inabaki moja."

"Umejaribu kuigawa kwa tasa zote zinazopasa?"

"Zote, Mwalimu!" Moyo ulimdunda kidogo, lakini macho yake yalikwisha kufika Masasi.

"Faidha, na wewe?"

"Bado sijamaliza, Mwalimu. Nimefika 53."

Darasa likaangua kicheko. "Masasi utafika kwa miguu, dada!" akadakia Selestini kutoka nyuma.

"Njoo umalizie ubaoni," alisema mwalimu.

Faidha akashika chaki. Baada ya 53, tasa inayofuata ni 59. Katika 300 ikaingia mara tano, ikabaki tano. Akashusha tatu: 53, haiingii, akaandika sifuri. Akashusha moja: 531. Mara tisa. Baki...

Chaki ilisimama. Kicheko kikakatika. Baki lilikuwa sifuri.

"Mama yangu!" Selestini alinong'ona.

Dorika aliukodolea macho ubao, akazidisha upya kichwani, 59 mara 509, akitamani Faidha awe amekosea. Ikatoka ileile: 30,031. Namba aliyoiapia ilikuwa imepasuka vipande viwili mbele ya watu wote.

"Dorika, uliishia wapi?" Mwalimu hakupaza sauti.

Angeweza kusema alikosea kuhesabu. Akamtazama mwalimu. "Kumi na tatu, Mwalimu. Nilidanganya. Mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu, zote zilibakiza moja. Nikaona hata nyingine zitakuwa hivyohivyo. Ghalani mpimaji hukata korosho chache tu, akajua ubora wa gunia zima."

"Gunia ni sawa, mwanangu. Korosho zake zimetoka shamba moja. Namba haiko hivyo. Zidisha hizo sita ulizotaja, utapata 30,030. Ukiongeza moja, lazima kila namba kati ya hizo ibakize moja. Lakini hazikukuahidi lolote kuhusu 59."

Akaichukua chaki mkononi mwa Faidha.

"Masasi atakwenda Faidha," mwalimu aliendelea. "Si kwa kuwa ana akili kukushinda. Alisema 'bado' wakati kweli ilikuwa bado, akachekwa, na hakuacha kazi. Kazi ya nusu si aibu, wanangu. Aibu ni kuiita nzima."

Dorika alifuta machozi kwa mkono wa shati, akainuka, akampa Faidha mkono mbele ya wote.